Mabaka ya Katanga

Katanga ikitazamwa kutoka angani ina mabaka. Anayeruka kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado mbali, huona kwanza wekundu wa udongo kando ya barabara, kisha weusi wa pori lililochomwa moto, kisha jambo linalomshangaza mgeni: miombo inachipua majani mapya mekundu, mengine ya rangi ya shaba hasa, kabla hata tone moja halijadondoka. Ndani ya pori hilo kuna madoa ya mviringo yaliyopangana kana kwamba mtu alipima nafasi kati yake. Ni vichuguu, vile vikubwa vya kwetu vinavyoweza kufika mita 8 kwenda juu, kila kimoja na miti yake isiyofanana na ya pori linalokizunguka. Na huku na huku kuna vilima vyenye upara. Pale shaba imezidi udongoni, miti imeshindwa, zimebaki nyasi na maua machache yanayoivumilia, likiwemo lile ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense. Wafua shaba wa zamani waliusoma upara huo wakajua mahali pa kuchimba. Wanajiolojia wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, waliusoma vilevile.

Nimeanza na ardhi kwa sababu nataka kuzungumzia rangi, na kazi ninayoipenda ni ndogo kiasi cha kuenea kiganjani: kupaka kwa brashi rangi za mabaka, zile za kijeshi, juu ya modeli ya ndege ya plastiki. Ni kazi ya mezani, ya saa nyingi na ya kimya. Kwa mtu wa Lubumbashi, hata hivyo, haiishii mezani. Ndege za kivita zilipita juu ya mji huu, na rangi zilizopakwa ubavuni mwake zilichanganywa na watu walioitazama ardhi hii kama mahali pa kujificha.

Chukua Fouga Magister, ndege ya Kifaransa yenye mkia wa umbo la V, iliyoundwa kwa ajili ya kufundishia marubani. Ndege yenyewe ina urefu wa mita 10 na kidogo. Kwa kipimo cha 1:72, ambacho kampuni ya Heller ya Ufaransa ilikitumia kuitolea modeli, inabaki sentimita 14. Ukubwa huo ndio unaotawala kila kitu. Rangi ikikauka ikiwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, macho huiona nyembamba. Izidishe mara 72, unapata zaidi ya milimita 7. Hakuna ndege iliyowahi kuruka imevaa koti la rangi la milimita 7. Ndiyo maana rangi ya kopo haipakwi ilivyo. Ya akriliki huongezwa maji, ya mafuta huongezwa tina, mpaka iwe nyepesi kama maziwa.

Koti la kwanza huvunja moyo. Plastiki inaonekana chini yake, michirizi ya brashi imejaa bawa zima, na kwenye kingo rangi imekimbia na kuacha weupe. Mkono unatamani kurudia papo hapo. Usirudie. Rangi iliyoanza kushika ikiguswa tena huvunjika, huinuka na brashi, na kuacha kovu ambalo hata msasa huliondoa kwa shida. Iache ikauke kabisa, kisha koti la pili likate la kwanza: kama la kwanza lilikwenda kwa urefu wa bawa, hili liende kwa upana. La tatu lirudi kwenye njia ya upepo, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa kuwa huko ndiko mvua, vumbi na moshi wa injini huiburuza rangi ya ndege ya kweli. Hapo michirizi huanza kuzikana, na bawa linapata uso mmoja ulioiva.

Baada ya hapo ndipo mabaka yanapoingia. Rangi ya mwanga hutangulia, ya giza hufuata. Mpaka huchorwa kwa penseli isiyo kali, kwa mstari mwembamba utakaomezwa na rangi. Kinachopima ufundi ni ukingo wa baka. Mpaka uliofifia kwa milimita 1 juu ya modeli ni sawa na sentimita 7 juu ya ndege, na hivyo ndivyo unavyokuwa mpaka uliopulizwa kwa bomba na fundi aliyesimama juu ya ngazi. Mwenye pampu ya kupulizia huupata kwa pumzi moja. Mwenye brashi huutafuta kwa nukta ndogondogo. Brashi fupi, kuukuu, iliyofutwa kwenye kitambaa mpaka ikabaki na alama tu ya rangi, hugongwa polepole kando ya mpaka, kijani kikiingia kidogo kwenye udongo na udongo ukirudi kidogo kwenye kijani. Bawa moja laweza kula jioni nzima. Sioni hasara yoyote.

Wapo wanaoidharau brashi wakisema ni ya mtu aliyekosa pampu. Nawakatalia. Mwezi wa 6 mwaka 1944, ilipobaki muda mfupi majeshi yavuke kwenda Normandie, mistari myeupe na myeusi ya kutambulishana ilipakwa kwenye mabawa ya maelfu ya ndege kwa haraka kubwa, na mingi ilipakwa kwa brashi, na mikono ya mafundi na askari wa kawaida. Iliyumba. Ilidondosha. Ndege zikaruka nayo hivyo hivyo. Anayeipaka modeli kwa mkono anafuata desturi ya kweli ya viwanja vya ndege vya vita.

Sasa nirudi Luano. Januari 17, 1961, ndege ya DC-4 ilitua hapo ikiwa na Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waliuawa usiku huohuo. Mwezi uliofuata, uwanjani hapohapo, ilitua ndege kubwa ya mizigo imebeba Fouga Magister 3, kwa ajili ya jeshi la anga la Katanga ya Moïse Tshombe, iliyokuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 11, 1960. Vita vya Septemba dhidi ya majeshi ya Umoja wa Mataifa vilipowadia, kati ya hizo 3 ilikuwa imebaki moja tu inayoruka. Ilitokea upande wa Kolwezi, ikawashambulia askari wa Ireland wa Umoja huo waliozingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ikazipiga ndege za Umoja wa Mataifa zikiwa zimeegeshwa uwanjani, na kwa siku chache kindege hicho cha kufundishia kikawa ndicho bwana wa anga la Katanga. Usiku wa kuamkia Septemba 18 ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, na jina la Fouga likaingia katika maswali ya kifo chake ambayo bado yanaulizwa.

Oktoba wakaja Waswidi, upande wa Umoja wa Mataifa, na ndege zao za Saab J 29, nene za kiwiliwili hata wenyewe wakaziita mapipa. Wahabeshi walileta Sabre, Wahindi wakaleta Canberra. J 29 zilifanya makao Kamina, na mwisho wa Desemba 1962 zilikishambulia kiwanja cha Kengere, Kolwezi, na kuziteketeza ndege za Katanga zikiwa ardhini. Januari 1963 kujitenga kukaisha.

Hizi J 29 za Kongo ndizo zinazonifikirisha zaidi ninapokaa na brashi. Zilivaa rangi za kujificha, na juu ya rangi hizo zikaandikwa herufi kubwa za Umoja wa Mataifa, zisomeke kutoka mbali. Ndege za Katanga nazo zilivaa bendera ya nchi iliyojitenga: nyekundu, kijani na nyeupe, na misalaba 3 ya shaba, ile misalaba iliyokuwa fedha ya wazee wetu kabla ya fedha ya karatasi. Mabaka yanasema hakuna mtu hapa. Nembo inasema tupo, na sisi ni fulani. Fundi wa modeli hupaka yote mawili kwa mkono mmoja: hupaka mabaka, huyafunika kwa vanishi inayong'aa ili kibandiko kishike bila kuacha mapovu, hubandika nembo, kisha hufunika tena kwa vanishi isiyong'aa. Hakuna hatua inayonipa shida moyoni kama hiyo ya nembo. Kabla yake kilichoko mezani ni umbo zuri lenye rangi za pori. Baada yake ni ndege ya upande fulani, na upande huo ulikuwa na risasi.

Kijana wa jirani aliniuliza siku moja akiwa ameegemea meza, "Papa, hii ndege inajificha kwa nani?"

Nikamwambia inajificha kwa aliye juu yake, atazame chini aone pori tu.

"Na sisi tulio chini?"

Nikaigeuza nikamwonyesha tumbo lililopakwa buluu hafifu. Hilo ndilo jibu la wachora mabaka tangu zamani. Mmarekani Abbott Thayer, mchoraji wa picha, ndiye aliyelieleza kwa wanyama mwishoni mwa karne ya 19: swala ana mgongo wa giza na tumbo jeupe, jua linauangazia mgongo, kivuli kinalitia giza tumbo, rangi mbili zinalingana na mwili unapotea. Wafaransa mwaka 1915 waliunda kikosi kizima cha kazi hiyo chini ya mchoraji Guirand de Scévola. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa kazi ya watu wa brashi. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi sisi ndio tunafichwa zaidi." Alikusudia kwamba aliye chini haioni ndege inayomjia. Sijasikia maelezo ya buluu ile yaliyo bora kuliko hayo. Mzee wa hapa akisimulia mwaka 1961 husimulia mlio kabla ya umbo, mlio mkali na mwembamba wa injini mbili za Fouga, watu wakikimbilia ndani kabla hawajaona kitu.

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi hukupa namba za rangi. Namba hizo ni za viwanda vya Ulaya, na kijani chake ni kijani cha mashamba yenye mvua mwaka mzima. Mimi huzifuata pale ndege ilipotoka kiwandani nazo, kwa kuwa uaminifu kwa kilichokuwepo ni sehemu ya heshima ya kazi hii. Ila hakuna rangi inayobaki ilivyotoka kiwandani ikikaa chini ya jua la Katanga. Kijani hupauka kuelekea kijivu, kahawia huenda kwenye rangi ya tofali, na magurudumu na sehemu ya chini ya mabawa hulowa wekundu wa udongo ambao hautoki hata kwa sabuni, kama ajuavyo kila mwanamke wa Lubumbashi anayefua mashati meupe ya shule.

Kuna pia hesabu ya hewa. Unapoitazama modeli ya 1:72 kutoka sentimita 30, ni sawa na kuitazama ndege kutoka mita 21 na zaidi, na mafundi wengi huamini kwamba katika umbali huo hewa tayari imeshaifubaza rangi kidogo. Mafundi wa Ulaya huongeza matone ya nyeupe ili kuiga hewa hiyo. Huku kwetu hewa ya kiangazi si nyeupe. Kuanzia Julai moshi wa mapori na vumbi la barabara za madini huipa mbingu rangi ya majani makavu, na buluu ya tumbo la ndege haiwezi kupotea ndani ya mbingu kama hiyo. Mimi huongeza tone la udongo badala ya tone la nyeupe. Ni kidogo sana, mtu hawezi kulitenga kwa jicho, lakini ndege huacha kuonekana kama mgeni aliyeshuka leo.

Nilichotaka hasa kusema ni kwamba Lubumbashi haina haja ya kwenda mbali kutafuta walimu wa mabaka. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alifungua hapa, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wazinakili. Aliwaacha kila mmoja atafute mkono wake. Bela alipaka kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenze Kibwanga alijaza picha yake kwa vijistari vifupi, vingi, sambamba, vya rangi za udongo na kahawia, mtu na mnyama na ardhi wakafumwa na uzi uleule. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka ndani ya majani na maji, na hakuacha nafasi tupu: nyuma ya kila mnyama kuna nukta na vijistari vinavyorudiwa mpaka macho yachoke, halafu ghafla nyoka yupo, alikuwepo muda wote, karibu kabisa na kiota.

Simama mbele ya picha ya Pilipili ukiwa mtu wa kupaka modeli, utaona siri tunayoihangaikia mezani. Mnyama wake hapotei kwa sababu ana rangi ya majani. Mara nyingi rangi yake ni nyingine kabisa. Anapotea kwa sababu alama za mwili wake na alama za pori zina mwendo mmoja, mkono mmoja umezipiga kwa kasi moja. Hugh Cott, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, alichapa mwaka 1940 kitabu kizito kueleza jinsi baka linavyovunja umbo la mwili hata jicho lisiufuate ukingo wake. Miaka michache baadaye vijana wa Élisabethville walikuwa wakilifanya jambo hilohilo kwa rangi na karatasi, bila nia ya vita yoyote. Walimficha nyoka ili tumtafute, na tukimpata tufurahi.

Tangu niliposoma picha hizo hivyo, nimebadili mkono. Ule ukingo wa baka naupiga kwa vijistari vifupi vya Mwenze, vyote vikielekea upande mmoja, badala ya kuugonga ovyo. Vikikauka vikafunikwa na koti moja jepesi sana la rangi ya vumbi, mpaka unafifia kwa utulivu ambao sijawahi kuuona ukitoka kwenye pampu. Ukiishika modeli karibu na dirisha, ukaiinamisha, vijistari vinaonekana kimoja kimoja. Ukiirudisha umbali wa mkono vinapotea.

Mji huu una mwalimu mwingine pia, wa upande wa pili. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa 1947, alichora historia ya nchi nzima katika picha takriban 100 mnamo 1973 na 1974, na akazieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyachapa mazungumzo hayo katika kitabu cha 1996. Tshibumba hakuficha kitu. Kujitenga, kifo cha Lumumba, askari, wafungwa, kila kitu kina ukingo mweusi na maandishi yake, asomaye asikose. Nawaweka Pilipili na Tshibumba pamoja nikiwa kazini. Mmoja hunifundisha jinsi ya kupaka baka, mwingine hunizuia kusahau kilichokuwa nyuma yake. Modeli isiyo na Tshibumba ni pambo. Nimewaona watu wazima wakiishangilia Fouga kwa uzuri wa mkia wake pasipo kutaja hata mara moja jina la mji uliokuwa chini yake.

Na fikiria vilima vile vyenye upara. Ardhi hii haikuweza kuficha shaba yake. Iliiandika juu ya ngozi, kwa mabaka ambayo yeyote aliye juu angeyasoma. Kilichofuata ni kampuni, reli, mji, kujitenga, na mwishowe ndege zilizopakwa mabaka ya kuficha watu waliokuja kugombania kile ambacho mabaka ya ardhi yalikuwa yamekitangaza. Nikipaka bawa la J 29 huwa nawaza kwamba rubani Mswidi akitazama chini kati ya Kamina na Kolwezi aliiona ramani ya vita vile vizima bila kuambiwa.

J 29 hizo nyingi hazikurudi kwao. Zilirudi 4 tu mwaka 1963. Zilizobaki ziliharibiwa hukohuko Kamina, kwa kuwa gharama ya kuzirudisha ilizidi thamani yake. Leo modeli zake hupakwa Ulaya na watu wanaojua namba ya kila ndege na hawajawahi kukanyaga udongo huu. Wanafanya kazi safi, nawaheshimu. Ila vijana wetu wana mikono: wapo wanaokunja nyaya na makopo yakawa magari na ndege, wapo wanaogonga bamba la shaba likatoa kijiji kizima. Ukiwa mmoja wao, na boksi la modeli likakufikia kwa njia yoyote, usianze na karatasi ya maelekezo. Kazitazame kwanza picha za Pilipili na Mwenze. Mwezi wa tisa chota udongo kando ya barabara ya Luano, uchekeche, uuweke kwenye chupa mezani pako, uwe kipimo cha rangi yako. Waulize wazee waliokuwa chini ya ndege zile, na uandike wanavyosema. Ukimaliza kupaka, geuza bawa, na juu ya ile buluu andika kwa Kiswahili jina la mji na mwaka.